Ramadhani, Siku ya 17: Ukiambiwa Rudi, Rudi



Leo tuongee kuhusu simu. Si ile ya ndugu wala ya rafiki. Ni ile namba usiyoijua inayoita wakati umelala kidogo baada ya Adhuhuri, ukipokea unasikia, "Habari mpendwa mteja, tuna ofa kwa ajili yako." Na meseji ndo usiseme: bahati nasibu, kubeti, milio ya simu, mkopo usioomba. Umetuma neno ONDOA kama walivyoelekeza. Umejibiwa kwamba umeondolewa. Kesho yake wanakuja tena, na namba nyingine.

Wapo watakaosema hili ni jambo dogo, kata simu uendelee na mambo yako. Lakini fikiria mama ambaye mgonjwa wake amelazwa Hospitali ya Rufaa Mbeya, yeye karudi Uyole kupika futari. Namba ngeni ikiita hawezi kuipuuza, maana inaweza kuwa wodini. Anaacha unga, anafuta mikono, moyo unaenda mbio. Kumbe ni promosheni. Aliyempigia hajamwibia hata shilingi, ila kamchukulia utulivu wake, na alishawaambia hataki. Je, hapo hakuna dhulma?

Dini yetu imelizungumza jambo hili kabla simu haijakuwepo. Katika Surat An-Nur, aya ya 27 na 28, Mwenyezi Mungu anatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Kisha anatufundisha kwamba tukiambiwa turudi, turudi, na kwamba kufanya hivyo ni usafi zaidi kwetu. Tuangalie hapo vizuri. Mwenye nyumba hakutakiwa aeleze sababu. Hakuambiwa athibitishe kwamba ana kazi au anaumwa. Kasema rudi, basi. Mzigo umewekwa kwa aliyebisha hodi.

Masahaba waliishi hivyo. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) alibisha hodi mara tatu kwa Umar (r.a.), hakuitikiwa, akaondoka. Umar alipomuuliza mbona kaondoka, akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) alifundisha hivyo: ukiomba idhini mara tatu usipopewa, rudi. Umar akataka shahidi, na Abu Said al-Khudri (r.a.) akasimama kushuhudia. Hadithi hii ipo kwa Bukhari na Muslim. Kwa hiyo hata kimya kina haki yake. Mtu asipokujibu, usihesabu kwamba kakubali.

Na Jabir (r.a.) alipobisha mlangoni kwa Mtume (s.a.w.) akaulizwa ni nani, akajibu "ni mimi". Mtume hakulipenda jibu lile. Anayebisha hodi anapaswa kujulikana. Sasa mlinganishe na huyu anayebadilisha namba kila siku ili usimtambue. Anajua kabisa kwamba ukimjua hutapokea.

Mfanyabiashara anaweza kusema, "Sisi tunatafuta riziki, na biashara ni halali." Ni kweli. Pita Mwanjelwa, au soko la Iringa mjini, utaitwa kila hatua: kaka karibu, dada njoo uone, bei ya Ramadhani. Hakuna ubaya, hapo ni sokoni na umeenda kwa miguu yako. Ukisema hapana, muuzaji anamgeukia mwingine. Lakini akikufuata mpaka mlangoni kwako, akagonga asubuhi na jioni, hatutasema tena kwamba huyo anatafuta riziki. Tutamwita msumbufu. Na simu yako iko karibu nawe kuliko mlango.

Atasema pia, "Lakini wewe mwenyewe ulitupa namba." Inawezekana, ulijaza kuponi au ulinunua kitu dukani. Lakini kumkaribisha mtu jana hakumpi ruhusa ya kuingia leo bila hodi. Idhini ni ya aliyeitoa, na ana haki ya kuirudisha. Hata sheria ya nchi inaelekea huko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kukataa taarifa zako zisitumike kwa matangazo ya biashara. Tume yake ilizinduliwa tarehe 3 Aprili 2024. Kwa hiyo ukilalamika huombi hisani, unadai haki yako. Anza na kampuni yenyewe. Wasipokusikia, nenda kwenye Tume hiyo. Kama usumbufu unatoka kwa mtandao wako wa simu, ipo TCRA, na ofisi yao ya Nyanda za Juu Kusini iko hapa hapa Mbeya. Na zile za "ile pesa tuma kwenye namba hii", huo ni utapeli. Namba yake iripoti kwenda 15040.

Sasa tuje kwetu tuliofunga, maana hapa ndipo penye mtihani. Simu ya nne ya siku imeingia, saa kumi jioni, njaa inauma, mvua inanyesha na baridi ya kwetu mnaijua. Unafanyaje?

Wapo wanaotukana. Wapo wanaodanganya: "Mwenye namba hii alishafariki." Watu wanacheka, lakini ni uongo, na uko kwenye swaumu. Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba asiyeacha kauli ya uongo na kuufanyia kazi, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Na ametufundisha kwamba mtu akikugombeza umefunga, useme kwamba umefunga. Haki yako ya kukataa haijumuishi ruhusa ya kumvunjia mtu heshima.

Kumbuka pia anayepiga ni kijana wa watu. Pengine naye kafunga, kapewa orodha ya namba na idadi ya simu za kupiga kabla ya jioni. Haina maana hana lawama. Surat Al-Maida, aya ya 2, inatukataza kusaidiana katika dhambi na uadui, na kijana anayejua kwamba mtu alishakataa anapaswa kuliogopa hilo. Lakini aliyeandaa orodha, akaona jina limeondolewa na akalirudisha, huyo ana mzigo mkubwa zaidi. Hasira yako yote ikimwishia kijana, mwenye orodha anabaki salama. Mwambie kwa upole na kwa uthabiti: "Sihitaji, naomba muiondoe namba yangu. Asante." Kata, ifungie namba, kisha peleka malalamiko panapohusika. Upole haukuzuii kudai haki.

Na tusimalize kwa kuwanyooshea kidole wengine. Aya inamwambia anayebisha hodi, na sisi wenyewe tunabisha kila siku. Nani kamwingiza mtu kwenye kundi la mchango wa harusi bila kumuuliza, akatoka, akamrudisha? Nani anagawa namba ya mwenzake kwa mtu asiyemjua? Nani anatuma meseji ya "sambaza kwa watu 20" usiku wa manane?

Na nani anapakua programu ya mkopo akaipa ruhusa ya namba zote zilizomo kwenye simu? Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo mtandaoni zinazofanya kazi bila leseni. Tunajua yaliyokuwa yakiwapata watu: ukichelewa kulipa, anapigiwa mjomba wako, bosi wako, hata jirani yako, wanatangaziwa deni lako. Hao hawakukopa na hawakutoa idhini kwa yeyote. Namba ya ndugu yako ni amana. Huna haki ya kuiweka rehani.

Hata kwenye chaneli hii, atakayejitoa hatutamfuata kumuuliza kwa nini. Milango yetu iko wazi, na kutoka ni haki yake.

*Kazi ya leo:* tafuta mtu mmoja aliyewahi kukwambia hapana nawe ukaendelea kumsukuma, iwe ni kwa mchango, kwa biashara au kwa jambo la nyumbani. Muache apumzike, na kama ulimuudhi muombe radhi kabla ya futari.

Ee Mwenyezi Mungu, zihifadhi ndimi zetu tunapokasirishwa, tupe riziki isiyomuudhi mja wako, na utujaalie tuwe miongoni mwa wanaorudi wanapoambiwa rudi. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane kwenye tarawehe, in shaa Allah.