Zombi Hasalimiwi



Likizo hii niko nyumbani, Mikumi. Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili na kikao cha VIWAWA, mvua ilitukamata tukabaki barazani pale parokiani tukisubiri ikate. Mtu akituona kwa mbali angedhani tunatafakari somo la siku. Wapi! Tulikuwa tunabishana kuhusu mazombi.

Chanzo ni kibanda umiza. Jumamosi usiku walionyesha Train to Busan, ile filamu ya Korea Kusini ya mwaka 2016, huku sauti ya DJ ikitafsiri juu yake kwa Kiswahili cha mtaani. Nusu ya kwaya ilikuwepo. (Msiniulize kama na mimi nilikuwepo. Nilikuwepo.)

Basi kila mtu akaja na vigezo vyake. Mmoja, dereva wa bodaboda, alisema filamu nzuri ya mazombi ni ile wanayokimbia, kama 28 Days Later ya mwaka 2002, maana zombi anayetembea polepole hata babu yake angemkwepa. Mwingine akasema hapana, wale wa polepole ndio wanatisha, kwa sababu unawaona wanakuja na bado huna pa kwenda. Wa tatu akataka filamu iwe na kanuni: ukiumwa unageuka baada ya muda gani, wanasikia au wanaona, na mwandishi asibadilishe kanuni katikati ili amwokoe staa. Wakamtania kijana mmoja kutoka kata ya Zombo, hapa hapa Kilosa, kwamba yeye hana haki ya kuchangia kwa kuwa ana maslahi binafsi. Dada mmoja wa sauti ya pili akasema maneno machache tu: "Mimi nzuri ni ile ambayo anayegeuka ni mtu unayempenda."

Halafu wakanigeukia. "Frateli, wewe umesoma falsafa. Tuamulie."

Nilijibu kwa utani, mvua ikakata, tukatawanyika. Lakini swali limekaa nami wiki nzima. Leo najibu, na jibu lenyewe linanigusa vibaya kuliko nilivyotegemea.

Tuanze na zombi mwenyewe. Aristotle alifundisha kwamba jicho la maiti ni jicho kwa jina tu, kwa sababu haliwezi tena kufanya kazi ya jicho, yaani kuona. Mtakatifu Thomas wa Akwino akaipokea hoja hiyo: roho ndiyo inayoufanya mwili uwe mwili wa mtu. Roho ikitoka, kilichobaki tunakiita "mtu" kwa mazoea na kwa heshima. Sasa zombi anavuruga mpangilio wote. Anatembea, anasikia, ana njaa, ila ndani hakuna mtu wa kusema "mimi". Ni hodi kwenye nyumba isiyo na mwenyewe.

Ndiyo maana kwenye filamu hizi tunatazama watu wakipigwa risasi za kichwa huku tunatafuna karanga bila wasiwasi. Filamu nyingine yoyote ingetuuliza: huyu ana mama? Ana watoto? Filamu ya mazombi inatupa ruhusa ya kutouliza. "Huyu si mtu tena." Maneno hayo yakishasemwa, kila kitu kinaruhusiwa.

Kwangu mimi, hapo ndipo filamu nzuri inapoachana na mbaya. Mbaya inaichukua hiyo ruhusa na kuitumia mpaka mwisho. Nzuri inakurudisha kwenye ruhusa yenyewe na kukuuliza: nani alikupa?

Nitoe mifano miwili. Mwaka 1968 George Romero alitoa Night of the Living Dead, filamu ya rangi nyeusi na nyeupe iliyoanzisha zombi huyu tunayemjua leo, ingawa ndani yake neno "zombi" halitajwi hata mara moja. Mhusika mkuu, Ben, ni Mmarekani mweusi, aliyeigizwa na Duane Jones. Anapambana usiku kucha ndani ya nyumba ya shambani, wenzake wote wanakufa, anabaki yeye. Asubuhi wanakuja wanaume wenye bunduki, wanasafisha eneo. Ben anasogea dirishani. Wale wanaona kivuli cha mtu, wanapiga, anakufa. Hakuna aliyepaza sauti kuuliza, "Wewe nani?" Kumbukeni mwaka huo huo, mwezi wa nne, Martin Luther King alikuwa ameuawa kwa risasi. Watazamaji wa kule hawakuhitaji kufafanuliwa.

Sasa rudi kwenye Train to Busan. (Kama hujaiona, samahani, ruka aya hii.) Mwishoni mama mjamzito na mtoto wa kike wanatembea ndani ya handaki lenye giza. Upande wa pili wanajeshi wamelenga bunduki. Hawawezi kuona kama wanaokuja ni wazima au wamegeuka, na amri imeshatolewa wapigwe. Ndipo mtoto anaanza kuimba. Wanasikia sauti. Bunduki zinashuka.

Kati ya filamu hizi mbili ipo miaka 48, na swali ni lile lile: anayekuja pale gizani ni mtu au si mtu? Kwenye ile ya kwanza hakuna aliyesubiri kusikia sauti. Kwenye ya pili walisikia. Mbio za mazombi, damu na kanuni ni mapambo, na mapambo ni mazuri, sikatai. Lakini hadithi yenyewe iko kwenye hizo sekunde chache kabla ya kufyatua.

Najua mtaniambia, kama mmoja wenu alivyoniambia siku ile, "Frateli, hizo ni za Wazungu na Wakorea. Sisi tuna misukule yetu."

Ni kweli, na ni karibu kuliko tunavyodhani. Zombi hakuzaliwa Hollywood. Alizaliwa Haiti, kati ya Waafrika waliofanywa watumwa kwenye mashamba ya miwa ya Wafaransa, kabla ya nchi ile kujikomboa mwaka 1804. Wengi huliunganisha neno lenyewe na lugha za Kibantu za Kongo na Angola. Hofu ya watu wale haikuwa kuliwa na zombi. Hofu yao ilikuwa kuwa zombi: kwamba hata kifo hakitawapumzisha, kwamba mwili utainuliwa na kurudishwa shambani kukata miwa bila mwisho. Filamu ya White Zombie ya mwaka 1932 inawaonyesha wakizungusha kinu cha miwa. Vijana wa Ruhembe mnaojua jua la shamba la miwa linavyochoma, hapo hamhitaji DJ wa kuwatafsiria.

Msukule naye ni hivyo hivyo. Mnajua inavyosemwa: mtu anakufa, watu wanazika, kumbe mmezika mgomba. Mwenyewe amefichwa, anakula pumba, usiku analima shamba la mtu, na ulimi wamemkata asiweze kusema. Angalieni tofauti na Hollywood. Kule zombi ni adui wa kupigwa. Kwetu msukule ni ndugu wa kurudishwa nyumbani. Hakuna mtu anayempiga risasi msukule, watu wanamlilia. Siku mbili tatu nilijiona nimepata jibu: hadithi yetu ni bora kwa sababu ina huruma zaidi.

Lakini hadithi ya msukule ina mtu mmoja ambaye haiwezi kwenda bila yeye. Lazima awepo mchawi. Na hapo falsafa yangu iliishia, nikamkumbuka bibi yangu.

Bibi mzaa mama aliishi kijijini, njia ya kwenda Kilosa. Nilipokuwa darasa la tano, kijana wa jirani alifariki, homa siku tatu tu. Alikuwa mkubwa kwetu, fundi wa baiskeli, anapendwa na kila mtu. Kabla hata matanga hayajaisha, maneno yakaanza. Eti hakufa yule. Eti kuna mtu amemwona usiku. Eti mahindi ya bibi mwaka ule yamestawi mno kwa mwanamke mzee anayeishi peke yake. Na macho yake, mbona mekundu? Macho yalikuwa mekundu kwa moshi. Miaka sitini anapikia kuni kwenye jiko lisilo na dirisha, yangekuwa meupe?

Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyechoma nyumba. Tulifanya jambo dogo zaidi: tuliacha kumsalimia. Watoto tulikuwa tunapita uwanjani kwake tukikimbia. Yeye alikuwa ananiita kwa jina, kisha anasubiri, kama bibi yeyote anavyosubiri shikamoo ya mjukuu wake. Mimi nilikuwa nakaza mwendo. Chakula chake sikula tena. Akileta ndizi nyumbani, mama anapokea, anashukuru, halafu tunawapa kuku.

Miaka imepita na nimesoma vitabu vingi kuhusu nafsi ni nini. Sasa najiuliza: katika hadithi ile, msukule alikuwa nani? Yule kijana alikuwa kaburini kwake, amepumzika. Aliyekuwa anatembea, anapika, analima, huku sisi tumeamua kwamba ndani yake hakuna mtu wa kujibiwa, alikuwa bibi. Wanasema mchawi humkata msukule ulimi. Bibi yangu alikuwa na ulimi wake mzima, akawa anautumia kuniita jina. Tuliomkata sauti ni sisi, kwa kutoitika.

Najua swali litakalofuata: "Kwa hiyo Frateli unakataa uchawi?" Sisemi kwamba duniani hakuna uovu. Kanisa linakataza uganga wa kutabiri na uchawi bila kupepesa macho. Someni Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116 na 2117. Lakini endeleeni hadi namba 2477, inapozungumzia hukumu ya haraka: kuamini, hata kimoyomoyo, kwamba jirani yako ana kosa wakati huna msingi wa kutosha. Kimoyomoyo! Mimi sikumtukana bibi hata siku moja. Niliamini tu, nikakaza mwendo. Kule Kanda ya Ziwa wapo bibi wengine waliouawa kwa panga kwa sababu ya macho mekundu, na kila panga lilitanguliwa na watu wengi wapole kama mimi walioacha kusalimia.

Kuna wanaotania kwamba hata Pasaka ni hadithi ya mazombi. Utani huo unanisaidia kuona tofauti. Zombi anainuka bila jina. Kwenye Injili ya Yohane, Lazaro anaitwa kwa jina ndipo anatoka kaburini, na Yesu anawaachia watu waliosimama pale kazi ya kumfungua sanda. Maria Magdalena asubuhi ya Pasaka anadhani anaongea na mtunza bustani, mpaka anapoitwa jina lake. Ufufuko unakuja na sauti inayomjua mtu. Na kufungua sanda ni kazi ya majirani.

Basi hukumu yangu kwa wabishi wa barazani ni hii. Mazombi wakimbie au watembee, shauri lenu. Dada wa sauti ya pili ndiye aliyeshinda, ila namwongezea kitu. Hadithi nzuri ya mazombi ni ile inayokufanya usite kabla ya kusema "huyu si mtu tena", na ukitoka kibandani usite vile vile unapomwona yule mama anayeongea peke yake kando ya barabara kuu, au mlevi wa stendi, au bibi kizee ambaye mtaa mzima unamkwepa. Ukitoka ukiwa mwepesi zaidi wa kumwita mtu zombi au msukule, hata kwa utani, filamu hiyo imekuharibu, hata kama picha zake ni kali kiasi gani.

Bibi alifariki nikiwa mwaka wa kwanza wa falsafa. Nilipewa ruhusa nikaja kuzika. Kabla ya kufunga jeneza nilisogea nikasema shikamoo, kwa sauti, watu wakanishangaa. Nilikuwa nimechelewa kama miaka tisa. Nadaiwa bado, na ninaamini siku moja, kwa huruma ya Mungu, nitaisikia marahaba yake.

Wewe hujachelewa. Wiki hii, mtafute mtu mmoja ambaye mtaani kwenu hasalimiwi. Usimpelekee mahubiri. Msalimie, usubiri aitikie, umuulize jina lake.

Tuombe: Bwana Yesu, uliyemwita Lazaro kwa jina, utusamehe wale tuliowazika wangali hai. Utupe masikio ya kusikia sauti yao kabla hatujahukumu, na mikono ya kuwafungua sanda tulizowafunga sisi wenyewe. Amina.

Ndugu yenu katika Kristo,
Frateli, Mikumi