Boksi Lenye Mapengo Sita

Wauza silaha wa Marekani wana mzaha wao wa siku nyingi: bastola ya Smith & Wesson Model 29 ikirudi dukani kuuzwa, hurudi na boksi la risasi 50 lililopungua sita. Silinda yake hubeba sita. Mwenyewe aliijaza mara moja, akafyatua, akatosheka. (Zinazobaki ni 44, namba ileile iliyochorwa ubavuni mwa mtutu, sijui kama mtunzi wa mzaha aliliona hilo.)

Ndani ya mzaha huu kuna mtu. Hana jina kwa kuwa ni wengi, ila tumfuate kana kwamba ni mmoja. Ametoka sinema kumtazama Clint Eastwood katika Dirty Harry, filamu iliyotoka Desemba 1971, ambamo mpelelezi wa San Francisco anatamba na bastola hiyohiyo. Madukani imeadimika, wenye nayo wanaiuza zaidi ya bei ya kiwanda, na mtu wetu analipa bila kunung'unika. Hajawahi kumiliki bastola nyingine yoyote.

Huenda muuzaji alimweleza na yeye hakusikia, kwamba risasi yake, .44 Magnum, haikubuniwa kwa ajili ya kukimbizana na majambazi mitaani. Aliyeipigia debe ni Elmer Keith, mfugaji wa ng'ombe wa Idaho na mwandishi wa mambo ya uwindaji, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akizidisha baruti kwenye maganda ya .44 Special, risasi iliyoitangulia. Mwishowe Smith & Wesson wakakubali kutengeneza bastola na Remington wakatengeneza risasi, na mwisho wa mwaka 1955 bastola ya kwanza ikatoka kiwandani Springfield, Massachusetts. Kichwa cha risasi kina uzito wa gramu 15 na nusu na hutoka mtutuni kwa zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Fremu ni ile kubwa ambayo kampuni huiita N, ukoo ulioanza mwaka 1908.

Lakini ukiichunguza vizuri, ni bastola ya shabaha. Kilengeo cha nyuma husogezwa kwa skrubu, juu na chini, kulia na kushoto. Triga ni pana, nyundo nayo ina ulimi mpana wa kuvutia kwa kidole gumba. Ukishaivuta nyundo ikakaa, triga huachia kwa mguso mdogo, safi, bila kukwaruza. Uzuri wake wote uko hapo, na mtu wetu hana habari nao. Yeye amenunua kishindo.

Uwanjani, risasi ya kwanza inampendelea. Mkono haujui kinachokuja, kwa hiyo umetulia, na tundu linaonekana karibu na kitovu cha shabaha. Kisha mtutu unaruka kuelekea angani, mpini wa mbao unamkwangua baina ya gumba na kidole cha shahada, chuma kinachokinga triga kinamgonga kifundo cha kidole cha kati. Mlio hupita desibeli 150, na sikio lisilozibwa huumia hata kwa 140. Risasi ya pili inapiga chini kidogo. Ya tatu chini zaidi. Ya sita inatifua vumbi mbele ya shabaha, naye anachukua bisibisi na kuanza kupandisha kilengeo.

Kilengeo hakina kosa. Mkono umeshajua, na sasa unajihami kabla ya teke: sekunde ileile triga inapokaribia kuachia, misuli inasukuma bastola mbele na chini, macho yanafumba. Mwenyewe hahisi lolote. Ataapa kwamba alitulia tuli.

Walimu wa shabaha wana dawa isiyo na huruma. Wanaichukua bastola, wanampa mgongo mwanafunzi, wanapachika risasi tatu na maganda matatu matupu kwa mpangilio asioujua, kisha wanamrudishia. Nyundo ikiangukia ganda tupu hakuna mlio wala teke la kuficha aibu. Kinachosikika ni ta!, na mtutu unainama mbele za watu wote kana kwamba umesujudu. Hapo ubishi huisha.

Kibaya zaidi ni kwamba woga huo haubaki kwenye bastola ulikozaliwa. Mpe mtu huyo bastola ndogo ya .22 ambayo teke lake halimzidi mtoto, mtutu utainama vilevile. Aliyeanza na ndogo akapanda hubeba utulivu wake hadi juu. Aliyeanza juu hushuka na woga wake, na kuufuta kunamgharimu risasi nyingi kuliko ambazo angetumia kujifunza tangu mwanzo. Kwa maoni yangu, hii ndiyo hasara kubwa. Bastola unaweza kuiuza, mkono huuuzi.

Mtu wetu, kabla hajauza, anatafuta njia ya mkato. Amesikia kwamba mbele ya mpini, upande wa chini, kuna skrubu inayokaza springi ya nyundo, na ukiilegeza triga inakuwa nyepesi. Ni kweli, inakuwa nyepesi. Pia nyundo inapoteza nguvu, inaigusa fataki bila kuiwasha, na sasa ameshika silaha yenye risasi iliyopigwa ambayo haijalipuka na pengine itachelewa kulipuka. Walioelekezwa huacha mtutu ukiangalia shabaha na kusubiri nusu dakika. Asiyeelekezwa huigeuza bastola atazame imekuwaje.

Kuna pia waliokosea kwa upande wa pili. Mchezo wa kuangusha wanyama wa chuma ulipoingia Marekani kutoka Mexico, na chama chake cha bastola, IHMSA, kuundwa mwaka 1976, mafundi hodari waliipeleka Model 29 huko. Kuku wako mita 50, nguruwe 100, bata mzinga 150, kondoo dume 200. Kumwangusha kondoo kwa umbali huo kunataka kichwa kizito na baruti ya kutosha, tena kwa mamia ya risasi. Mikono yao haikuogopa, ila chuma kilichoka: silinda zilianza kulegea, nyingine zikifunguka au kuzunguka kinyume kwa kishindo. Kampuni ilifanya marekebisho ya kuiimarisha mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo wengi walikuwa wamehamia kwenye bastola za Ruger, nzito na nene zaidi.

Walioishi nayo kwa miaka ni wale walioilisha .44 Special siku za kawaida na kuitoa Magnum mara mojamoja. Ganda la Special ni fupi kwa milimita tatu hivi, linaingia bila shida na teke lake ni la kistaarabu. Linaacha tu pete ya masizi ndani ya kila tundu la silinda, pale ganda linapoishia. Kwa hiyo kabla ya kurudi kwenye Magnum hupitisha brashi ya shaba katika matundu yote sita, la sivyo maganda marefu yatang'ang'ania humo na kutoka kwa kugongwa.