Pole na Mi Dispiace: Je, Faraja Yahitaji Huzuni?

Makala haya yanakusudia kujadili swali moja la kimaadili: je, anayemfariji mfiwa hali yeye mwenyewe hana huzuni moyoni ni mwongo? Swali hili hatukulipata vitabuni. Lililetwa na jirani yetu hapa Loresho, bibi mzaliwa wa Malindi aliyewahi kuwa mpishi kwa miaka mingi katika nyumba ya Waitaliano huko kwao. Mwajiri wake wa zamani alikuwa amefariki, naye alitaka kumpigia simu mjane nchini Italia. Marehemu alikuwa mtu mkali, na bibi huyu alikuwa ameachishwa kazi pasipo kulipwa haki zake. "Mwalimu," aliniuliza, "nikisema mi dispiace nitakuwa nimesema uongo. Pole kwa Kiitalia ni nini?"

Kiitalia cha bibi huyu hakikutoka darasani. Waitaliano walifika pwani hiyo kwa mradi wa San Marco, uliorusha setilaiti kutoka Ghuba ya Ungwana mwaka 1967, kisha wakaja kwa utalii. Wenyeji wengi wa Malindi wakajifunza lugha yao jikoni, hotelini na ufuoni. Walijifunza kwa sikio, na aghalabu sikio la mgeni husikia ndani ya neno maana ambayo mzawa haisikii tena.

Tuanze na umbo. Mi dispiace, tukilifasiri neno kwa neno, ni 'halinipendezi'. Msemaji yumo ndani ya tamko, akitoa ushahidi juu ya moyo wake. Na tamko hilohilo hutumika kuomba radhi. Pole haimtaji msemaji wala haina wakati. Inamtambua msikilizaji peke yake: akiwa mmoja ni pole, wakiwa wengi ni poleni. Ndiyo maana twampa pole aliyejikwaa, aliyetoka kazini na aliyefiwa, na twasema 'tumempa', kana kwamba ni kitu kilichotoka mkononi mwetu kikaingia mwake.

J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962, aliihesabu rambirambi miongoni mwa matendo yatendwayo kwa maneno. Hata hivyo, alishikilia kwamba atoaye rambirambi pasi na kumhurumia mfiwa hulitumia tendo hilo vibaya, ingawa halibatiliki. Hoja yetu ni kwamba sharti hili laifaa mi dispiace, kama jirani yetu alivyoisikia, kuliko pole. Aliyesema halinipendezi ametoa habari za moyo wake, na habari huweza kuwa za uongo. Aliyetoa pole amekiri kwamba mwenzake ana mzigo. Akikosea, kosa lake si uongo bali ni utupu: kutoa pole kisha asionekane matangani panapohitajika maji na kuni.

Tujihadhari, lakini, tusije tukadai kwamba sarufi ya Kiitalia imewafanya wenyewe wajali nafsi zao zaidi. Mwitaliano asemapo mi dispiace huenda asiufikirie moyo wake hata kidogo. Lugha yake inalo pia neno condoglianze, lililo karibu na rambirambi yetu. Na kusini mwa Italia ipo desturi iitwayo consolo, ambapo majirani humpelekea mfiwa chakula. Aliyezoea matanga hahitaji kufasiriwa desturi hiyo.

Yamkini msomaji atauliza iwapo hoja hii haihalalishi unafiki. Jirani yetu alikuwa na kinyongo na marehemu, mbona asinyamaze? Jibu letu ni kwamba anayefarijiwa si marehemu. Tena mnafiki huonyesha huzuni asiyokuwa nayo, hali bibi huyu alikataa kuionyesha. Alichotaka ni kutimiza wajibu wake kwa mjane bila kuusingizia moyo wake. Tukishikilia kwamba faraja ni lazima isubiri huzuni, tutakuwa tumewanyima faraja wafiwa wote ambao marehemu wao hawakupendwa, nao huenda ndio wanaoihitaji zaidi, kwa kuwa ni wachache wawaendeao.

Nilimjibu kwamba neno moja linalolingana na pole silijui. Alipiga simu hivyo hivyo. Baadaye alinieleza kwamba alianza kwa condoglianze, neno aliloliona kavu kama barua ya ofisi, kisha akasema, "Pole, mama." Mjane, ambaye naye alikaa Malindi miaka mingi, alimjibu kwa Kiswahili cha huko: "Ahsante, nishapoa."

Bila shaka alikuwa hajapoa. Lakini hakuna Mswahili ambaye angemwita mwongo kwa jibu hilo, wala hatuoni sababu ya kumwita mwongo yule aliyempa pole.