Uso Usiotabasamu

Soma kwa ajili ya funzo hili: 1 Samweli 1:9–18, 1 Samweli 16:7, Zaburi 88, Isaya 38:1–5, 21, Kutoka 17:10–13.

Miaka kadhaa iliyopita nilitembelea kanisa moja la kijijini kuongoza semina ya walimu wa Shule ya Sabato. Safu ya pili aliketi mzee mmoja wa kanisa ambaye uso wake haukubadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Tuliposimama kuimba, alibaki ameketi. Wengine walipocheka, hakucheka. Nilipompa mkono, aliunyosha wake polepole, akasema neno ambalo sikulisikia. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba kanisa lile lina mzee aliyepoa kiroho.

Baadaye nilifahamu kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Mkewe aliniambia bila hasira, “Mwalimu, mzee alilifurahia somo lile mno. Jioni nzima alikuwa akilisimulia. Ni uso tu ndio haumtii.”

Maneno hayo yaniletea swali ambalo ni letu sote: Je, tunaweza kuujua moyo wa mtu kwa kuutazama mwili wake?

Soma 1 Samweli 1:12–16. Eli aliona nini kwa Hana, naye alifikia uamuzi gani?

Eli alikuwa kuhani mwenye uzoefu mwingi. Aliona midomo ya Hana ikicheza bila sauti, akaamua kwamba amelewa. Macho yake hayakumdanganya, kwa kuwa midomo ilicheza kweli. Alikosea alipodhani kwamba kwa kuitazama midomo amekwisha kuujua moyo.

Ugonjwa wa Parkinson unatuweka mahali pa Eli kila Sabato. Daktari James Parkinson wa London aliueleza katika kitabu kidogo mwaka 1817. Ndani ya ubongo zimo seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo husaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Seli hizo zinapokufa, mkono hutetemeka hata ukiwa umetulia, hatua huwa fupi, mwandiko hupungua ukubwa, sauti hufifia, na misuli ya uso hukakamaa mpaka uso uonekane kama kinyago. Mgonjwa akiyumba njiani, wapo watakaosema amelewa, kama alivyodhaniwa Hana. Wengine watasema amerogwa. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walikuta kwamba wengi wa wenye ugonjwa huu hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini.

Lakini yuko mtu mwingine anayeweza kumhukumu mgonjwa vibaya, naye ni mgonjwa mwenyewe. Dopamini haihusiki na mikono na miguu tu. Inahusika pia na hamu na furaha. Kwa hiyo huzuni, wasiwasi na kukosa ari vyaweza kuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe, na kwa wengine hutangulia hata kutetemeka. Mtu huomba asione faraja, akadhani Mungu amemwacha. Hapo Zaburi 88 inatufaa. Zaburi hiyo inaanza kwa kilio na kumalizika gizani, wala hakuna mstari wa mwisho unaoleta nuru. Hata hivyo ni sala, nayo imo katika Maandiko. Aliyeiandika hakuhisi kitu kizuri, lakini alijua amlilie nani. Imani yake ilikuwa hai katika kilio chenyewe.

Soma Isaya 38:1–5, 21. Hezekia aliahidiwa nini, kisha aliagizwa kufanyiwa nini?

Mungu alimwahidi Hezekia miaka 15, na bado tini ziliwekwa juu ya jipu. Ahadi haikuifukuza dawa. Vivyo hivyo levodopa, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1960, haiponyi Parkinson, bali huurudishia ubongo kile ulichopungukiwa. Nguvu yake hupanda na kushuka, hivyo saa za kumeza ni muhimu sana. Kwa baadhi ya wagonjwa, maharage au nyama huipunguzia dawa nguvu, ndiyo maana wengi huambiwa waimeze kabla ya chakula. Ndugu akimeza kidonge katikati ya hubiri, hajaidharau ibada. Wala asiambiwe na mtu yeyote kwamba akiombewa aache dawa, maana kuiacha ghafla ni hatari.

Liko jambo gumu zaidi. Baadhi ya dawa zinazoiga kazi ya dopamini huweza kuamsha kwa wagonjwa wengine tamaa kali ya kamari, ya kununua ovyo, au ya ngono. Je, tuseme basi kwamba kamari si kosa? Hapana. Fedha ya ada ikipotea, watoto wanaumia vilevile. Lakini baraza la kanisa likimwita mtu kama huyo, swali la kwanza liwe: daktari wake anajua? Dawa ikirekebishwa, mara nyingi tamaa hiyo hupungua. Kumkemea mtu kabla ya kuuliza ni kurudia kosa la Eli.

Hata hivyo, tusimwache Eli pale alipokosea. Alipoelezwa, hakujitetea. Alibadili maneno yake, akambariki Hana (mstari wa 17). Nami nilirudi kwa yule mzee kuomba msamaha. Alinishika mkono kwa muda mrefu, nao ulitetemeka ndani ya wangu. Uso wake ulikuwa vilevile. Safari hii niliinama karibu na kinywa chake, nikamsikia akisema, “Karibu tena, Mwalimu.”

Mikono ya Musa ilipokuwa mizito, Haruni na Huri hawakumwuliza imani yake imekwenda wapi. Walitafuta jiwe akalie, kisha wakaishika mikono yake.

Maswali ya kujadili

1. Je, umewahi kumwita mtu baridi au mvivu kiroho, kisha ukagundua ni mgonjwa? Ulifanya nini baada ya kujua?

2. Utamwambia nini muumini mgonjwa asiyehisi tena furaha anapoomba? Ni maneno gani yafaa tuyaache?

3. Darasa lenu litabadili nini Sabato ijayo ili mtu mwenye sauti ndogo na mwendo wa polepole apate nafasi ya kushiriki?