Je, Kovu la Kope Liachwe Liwe Adhabu?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Tumeletewa suali katika darasa yetu ya baada ya Isha hapa Busia, limeandikwa kwa mkono juu ya karatasi ya daftari na kupitishwa kutoka upande wa wanawake. Mwenye kuuliza ni dada yetu mfanya biashara wa Malaba, ambaye zamani hakuwa akikosa darasa. Asema kwamba ngozi ya kope zake ilikuwa imelegea, si kwa kumzuilia kuona, bali kwa kumfanya aonekane mchovu na mzee kuliko umri wake. Akakusanya fedha, akasafiri hata mji mkubwa, akakatwa ngozi iliyozidi ili apendeze. Jeraha lilipopoa lilibakisha alama: kwenye jicho la kulia mstari mweusi umetoka nje ya pembe ya jicho kuelekea panja, nao umeinuka kama uzi ulioshonewa chini ya ngozi. Sasa ataka kuutibu. Ndugu mmoja katika wenzetu amesema mbele ya watu kwamba haifai: kovu lile ni adhabu yake ya hapa duniani, na kuliondoa ni kubadili umbo la Mwenyezi Mungu kwa mara ya pili. Tangu siku hiyo dada yetu haji darasa.

Wako watakaoliona suali hili kuwa dogo, la wanawake na vioo vyao. Sisi hatulioni hivyo. Mtu ameacha kusoma dini yake kwa sababu ya neno lililosemwa kwa jina la dini. Basi hatuna budi kulitazama neno hilo, tujue kama ni la dini kweli au ni la msemaji.

Tuanze na tendo la kwanza, wala tusilipambe. Hadithi ya Ibn Mas'ud, iliyomo katika Bukhari na Muslim, imewalaani wenye kuchanja na wenye kutenganisha meno kwa ajili ya uzuri, wakabadili umbo la Mungu. Imam Nawawi alipoifasiri alisema kwamba lililokatazwa ni lile linalofanywa kwa kutaka uzuri. Ama kwa matibabu au kwa aibu iliyo katika jino, hapana ubaya. Na wanavyuoni wa zama zetu walipokutana katika Baraza la Fiqhi la Kimataifa huko Putrajaya, Malaysia, mwezi wa Julai 2007, walipita njia hiyo hiyo: wakahalalisha upasuaji wa kurudisha kiungo katika hali yake na wa kuondoa aibu zilizoletwa na moto, ajali au maradhi, na wakaukataza ule wa kugeuza sura iliyo sawa kwa kufuata matamanio, wakataja na kubadili umbo la macho. Mzee ambaye ngozi ya kope imemwangukia hata haoni njia, huyo ni mgonjwa na kumkata ni dawa. Mtu wa Turkana ambaye ugonjwa wa vikope umezigeuza kope zake zikaikwaruza kioo cha jicho, kumkata ni kumwokoa na upofu. Waislamu waliijua kazi hii kabla ya wengi: Abul Qasim Zahrawi wa Andalusia, aliyekufa mwaka 1013, aliandika namna za kupasua kope na akachora na vyombo vyake. Lakini dada yetu hakuwa na maradhi, naye mwenyewe amekiri katika karatasi yake. Alilolifanya hatuna njia ya kulihalalisha, na ameandika kwamba ametubu.

Sasa kovu. Hapa ndipo ndugu yetu alipochanganya mambo mawili, dhambi na jeraha. Dhambi huondoka kwa toba, na jeraha huondoka kwa dawa; hakuna moja kati ya hayo linalomngoja mwenziwe.

Aliyesoma fiqhi ya Imam Shafi'i atakumbuka mas'ala ya chale za wino katika mlango wa najisi. Wanavyuoni wetu hawakusema kwamba aliyechanjwa kwa hiari yake aachwe na alama yake mpaka kufa ili watu wajue alilolitenda. Wamesema kinyume cha hayo: ni wajibu aiondoe ikiwa haogopi madhara, na akiogopa kupoteza kiungo, au kubakiwa na aibu mbaya kwenye kiungo kinachoonekana, haimlazimu kuiondoa, na toba yake yamtosha. Najua kwamba kiasi hiki hakilingani sawasawa, kwani chale ziliwajibishwa kuondolewa kwa sababu ya damu iliyofungika na wino, na kovu la dada yetu ni tohara. Kwa hivyo sisemi kwamba kuliondoa ni wajibu. Nasema tu kwamba fikira ya kuiacha alama ya kosa mwilini ili iwe adhabu sikuiona kwa wanavyuoni hao; bali hata walipotaja alama ya kosa, waliihofia aibu ya mwenye kiungo.

Ndugu yetu ana hoja moja yenye nguvu, nami nitaitaja kwa uzito wake. Asema: kilichompeleka mara ya kwanza ni kupenda uzuri, na kinachompeleka sasa ni kupenda uzuri, nia ikiwa moja, hukumu ni moja. Jawabu lake limo katika kisa cha Arfaja bin As'ad, radhi za Mungu ziwe juu yake, walichokipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Pua yake ilikatwa siku ya Kulab, akajitengenezea pua ya fedha, ikamnukia. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamuru ajitengenezee ya dhahabu. Tazama mambo mawili. La kwanza, mtu huishi na kupumua bila ya pua ya dhahabu. Aliloondolewa Arfaja ni aibu ya uso, na kwa ajili yake mwanamume aliruhusiwa dhahabu ambayo kwa asili ni haramu kwake. La pili, ambalo wengi hulipita: Kulab haikuwa vita vya jihadi. Ilikuwa vita vya Jahiliya, kabila na kabila. Wala haikupokewa katika kisa hicho kwamba Mtume alimuuliza Arfaja alikuwa akipigania nini, au kwamba alimwambia akae na uso wake ulivyo kwa kuwa aliutia mwenyewe katika upanga.

Basi kutaka kurudi kama watu walivyo si sawa na kutaka kuwapita. Mpaka ni huo. Akienda kwa tabibu na kumwambia amwondolee kovu, hiyo ni dawa. Akisema, na kwa kuwa nimelala kitandani nikaze na ngozi ya chini ya jicho, amerudi kule kule alikotubia. Mimi sina njia ya kuupasua moyo wake nikaona lipi analolitaka, na ndugu yetu pia hana.

Ama kumwaibisha mtu kwa kosa alilokwisha kutubia, kuna hadithi inayopendwa kusomwa mimbarini juu ya jambo hilo, lakini isnadi yake imekatika, nasi hatuihitaji. Yatutosha iliyo sahihi: kwamba mjakazi akizini apigwe hadi, na bwana wake asimlaumu. Huyo alikwisha pigwa hadi na bado lawama zikakatazwa. Dada yetu hakuhukumiwa na kadhi yeyote. Amehukumiwa na darasa.

Sasa dawa yenyewe, kwani hapa yuko hatarini na hajui. Ngozi ya kope ni nyembamba sana na kwa kawaida hupona vizuri. Mara chache huota kovu la kuvimba. Mkato unapotoka nje ya kope na kufika penye ngozi nzito ya panja, ndipo alama huonekana. Kovu huendelea kubadilika kwa miezi sita hata mwaka na zaidi, likilainika na kufifia, na kwa hiyo madaktari kwa kawaida hawaharakishi kulikata tena kabla ya miezi kama sita. Wakati huo hutumiwa jeli ya silikoni, kukandwa taratibu kwa ncha ya kidole, na kujikinga na jua lisilizidishe weusi. Zipo na sindano za kupunguza uvimbe, lakini sindano hizo huweza kukondesha ngozi na kuifanya nyeupe kwa mabaka, na karibu na jicho zina hatari, ingawa ni nadra, ya kudhuru uoni wenyewe. Hazifai kuchomwa ila na bingwa anayeyajua macho. Hospitali ya macho ya Sabatia iko Vihiga, si mbali na sisi.

Kuhusu udhu aliouliza pembeni mwa karatasi: jeli ikikauka hufanya utando unaozuia maji, basi aioshe kabla ya kutawadha, na njia nyepesi ni kuipaka baada ya Isha na kuiosha Alfajiri.

Lililonitia hofu ni mstari wa mwisho wa suali lake. Kwa kuona haya kwenda hospitali, amekuwa akinunua krimu mpakani, kikopo kisicho na maandishi ya kueleweka, na kuipaka juu ya kope kila usiku. Na sasa jicho lamuuma na taa anaziona na duara. Sote twajua bidhaa hizi zinavyovuka. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa mwaka 2018, lakini boda boda, ambazo jina lake lilizaliwa katika mpaka wetu huu, hazikuisahau njia ya panya. Krimu za namna hii aghalabu hutiwa zebaki, au haidrokwinoni, au steroidi kali. Zebaki huharibu figo. Steroidi ikipakwa kwenye kope kwa muda mrefu huweza kupandisha presha ya ndani ya jicho, na presha hiyo huua uoni kidogo kidogo usirudi tena. Mwenye kumzuilia tabibu kwa jina la dini ndiye aliyemwonyesha njia ya kikopo kile.

Kwa hivyo jawabu letu tumelipeleka siku ile ile, kabla ya kuliandika hapa: aiache krimu, na aende kwa daktari wa macho kesho yake asubuhi, achukue na kikopo chenyewe akaonyeshe. Kovu lingoje, jicho lisingoje. Mke wangu amekubali kufuatana naye.

Ndugu yetu hakuridhika. Asema kisa cha Arfaja ni cha pua iliyokatwa na adui, si cha kope iliyokatwa kwa malipo, na kwamba ana ibara za wanavyuoni atakazozileta Alhamisi. Tumemwambia azilete, na asome yeye kwanza.