Daftari la Pili

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye maduka wanaijua methali hii kwa uchungu. Leo naipeleka kwa waandishi na wachoraji, kwa kisa cha mtu aliyejaza madaftari kwa miaka mingi na mali yake ikapotea vilevile.

Bill Finger alikuwa kijana wa New York, muuza viatu aliyetamani kuwa mwandishi. Rafiki yake, Bob Kane, alikuwa mchoraji. Mwaka 1939, shujaa wa katuni Superman alipokuwa akiwatajirisha wachapishaji wake, nao wakimtafuta shujaa wa pili, Kane alichora mtu aliyevaa nguo nyekundu za kubana, mabawa magumu kama ya popo mgongoni na kibarakoa kidogo cha machoni. Akamwita Finger aje atazame.

Finger akafungua kamusi kwenye picha ya popo, akaanza kushauri. Uso ufunikwe kwa kofia yenye masikio yaliyochongoka. Mabawa yawe joho. Wekundu uondoke, uje ukijivu. Kisha akaketi na kuandika hadithi ya kwanza ya shujaa huyo, Batman, iliyotoka katika toleo la 27 la Detective Comics, Mei 1939. Jina Bruce Wayne, la Batman asipovaa kofia yake, alilibuni yeye. Jina la mji wa Batman, Gotham, alilipata kwenye kitabu cha simu, katika jina la duka la sonara mmoja. Hadithi ya kwanza ya Joker, hasimu wa Batman, mwaka 1940, ni kazi ya kalamu yake.

Lakini kwa mchapishaji Kane alikwenda peke yake. Mkataba aliotia saini ulitaka jina lake liandikwe kwenye kila hadithi ya Batman, na jina hilo tu. Finger akawa kibarua wa rafiki yake, analipwa ujira wa kuandika, naye akanyamaza. Huenda aliona haya kudai, huenda aliogopa kukosa kazi. Mwenye haya hupoteza haki yake huku akisifiwa upole.

Mwaka 1965 Finger alieleza mbele ya wapenzi wa katuni mjini New York namna Batman alivyozaliwa, na mmoja wao akayaandika. Kane akajibu kwa barua ndefu ya kukanusha. Mwaka uliofuata Finger na Charles Sinclair waliandika kisa kimoja cha Batman cha televisheni, na hapo jina lake likaonekana. Januari 1974 alifariki akiwa na miaka 59, hana mali wala sifa.

Mwaka 1989 Kane alitoa kitabu cha maisha yake. Humo alikiri kwamba Finger alistahili sifa ambayo hakuipata, akajuta. Majuto ni mjukuu, na huyu alizaliwa miaka 15 baada ya kifo. Ilipofika 2015 ndipo kampuni inayomchapisha Batman ilipokubali kuliweka jina la Finger kando ya la Kane, baada ya wapenzi wa katuni na mjukuu wake kulidai kwa miaka.

Wewe unayechora au kuandika na mwenzako, kumbuka kwamba Finger hakukosa daftari. Alikuwa na madaftari ya kuandika vituko, vifaa na mbinu za kutumia katika hadithi. Alilokosa ni la pili, dogo tu, la kueleza nani alileta nini. Hilo huandikwa siku kazi haijawa na thamani, maana siku hiyo hakuna wa kuligombea. Pesa zikishaingia, kumbukumbu ya rafiki hubadilika, wala si lazima awe mtu mbaya.

Nawe ambaye saini yako ndiyo inayoonekana, mtaje mwenzako angali hai na ana kodi ya nyumba ya kulipa. Sifa anayopewa marehemu haimlishi.

Basi kabla shujaa wenu hajachorwa masikio, chukueni karatasi moja. Andikeni tarehe, majina yenu wote, na kila mmoja amechangia nini. Tieni saini. Kila mtu aondoke na nakala yake. Kisha endeleeni kuchora, na urafiki wenu utakuwa na mahali pa kuegemea.