Mshumaa Tutakaouleta Tarehe 2 Februari

Kila mwaka tarehe 2 Februari Mama Kanisa hubariki mishumaa. Wazee wetu waliijua sikukuu hiyo kwa jina la Kutakaswa kwa Bikira Maria. Tangu kalenda mpya ya mwaka 1969 twaiita Kutolewa kwa Bwana Hekaluni. Jina limebadilika, mishumaa imebaki. Nasi tukitazama mikono ya waamini wa Kigoma na Ujiji siku hiyo, twaona mingi ni mishumaa myeupe ya dukani, itokanayo na mafuta ya ardhini.

Hatumlaumu mama aliyenunua mshumaa kwa senti zake za dagaa. Twastaajabu tu. Misitu ya miombo ya Uvinza, Kasulu na Kibondo ina mizinga tangu zama za mababu. Asali yake huuzwa sokoni kwetu. Na masega, yakiisha kukamuliwa, hutupwa jalalani. Huko jalalani ndiko iliko nta, ile ambayo Mbiu ya Pasaka huitaja pamoja na kazi ya nyuki. Tarehe 14 Desemba 1904 Roma iliamuru kwamba mshumaa wa Pasaka, na ile miwili iwashwayo wakati wa Misa, iwe ya nta ya nyuki kwa sehemu iliyo kubwa kabisa. Siku hizi amri hiyo haibani kama zamani, lakini sababu yake haijazeeka: kimtoleacho Mungu mwanga kiwe kitu safi.

Basi, nta husafishwaje nyumbani? Kwanza tuyachague masega. Yaliyo mapya na meupe yatoa nta nyingi. Yale meusi, yaliyolelewa majana mara nyingi, yamejaa magamba na yatoa kidogo. Tuyaoshe asali iliyobaki, kisha tuyatie katika sufuria ya alumini pamoja na maji, juu ya moto mdogo. Chungu cha chuma hakifai, kwa maana chuma huitia nta weusi usiotoka tena. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 65, mbali sana na kiwango cha maji kuchemka; kwa hiyo haina haja ya moto wa harusi. Wala isiwekwe kamwe juu ya moto pasipo maji, kwa sababu nta ikizidi kupata moto huwaka kama petroli. Watoto wakae mbali, na mwenye kuikoroga asiondoke hata kwa kuitwa na jirani.

Hapa hatuna budi kuungama kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja tulichota maji ya Ziwa Tanganyika, tukidhani maji ni maji. Tulipoyeyusha, nta ikavurugika ikawa uji wa rangi ya udongo, wala haikutengana na maji hata kesho yake. Ziwa letu, lililo tamu kwa samaki na kwa macho, maji yake yana tabia ya magadi, nayo magadi huielekeza nta kuwa kama sabuni. Tangu siku ile twatumia maji ya mvua, nayo mvua ya Desemba na Januari haitunyimi. Tena twakamulia humo ndimu moja, kwa kuwa ukali wake huisaidia nta kujitenga.

Ikiisha kuyeyuka, ichujwe kwa kitambaa cha gunia kilicholowanishwa, katika chombo kingine chenye maji ya moto kidogo. Sasa yaja kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kutofanya kazi. Chombo kifunikwe kwa blanketi kuukuu, kiachwe mpaka asubuhi. Nta ni nyepesi kuliko maji, itaelea. Uchafu utashuka taratibu na kushikamana chini ya donge. Mwenye haraka akikipoza chombo kwa maji baridi, uchafu utagandia katikati, na donge litapasuka. Dhambi zetu nazo hazitoki kwa kuparurwa zikiwa zimeganda. Moyo hauna budi kuyeyuka kwanza, kisha utulie. Asubuhi donge likwanguliwe upande wa chini kwa kisu, na kazi irudiwe mara mbili au tatu, mpaka nta iwe ya manjano na kunukia asali. Makwanguo yafaa kuwashia jiko.

Neno moja la uchungu. Wako wauzao nta ambao huongeza uzito kwa kuitia mafuta ya wanyama. Mshumaa wa nta hiyo ni laini, hutoa moshi, huinama kabla ya Injili kwisha. Nabii Malaki aliwakemea waliomletea Mungu wanyama vipofu na vilema, wasioweza kumpelekea liwali wao. Mwenye kuuza nta ya namna hiyo, akijua yaenda altareni, asome kitabu hicho, ni kifupi.

Nta iliyo safi ichovywe utambi wa uzi wa pamba uliosukwa, uning'inizwe upoe, uchovywe tena, mara ishirini au thelathini, hata unene upatikane. Watoto huipenda kazi hii, mradi mzazi awe karibu na sufuria.

Mshumaa ukiisha kubarikiwa usimalizwe wote siku ileile. Tumeyaona haya: Padre aitwa usiku kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu, afika, na jamaa waanza kukimbia nyumba kwa nyumba wakiulizia mshumaa, hata waambulie koroboi yenye masizi, na mgonjwa amelala akisikia milango ikigongwa. Ufungwe katika kitambaa safi, uwekwe sandukuni pamoja na Rozari na kiberiti kikavu, na kila mtu wa nyumba ajue ulipo.